Mwewe, Kozi na Daftari la Hesabu: Historia ya Kutazama Ndege Mbuai Wanaohama katika Uwanda wa Lilongwe na Dzaleka

Vitabu vya shule hulitumia neno vuli kutaja majira ambayo miti ya nchi za kaskazini hupukutisha majani. Kwa msemaji wa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Tofauti hii huwasumbua wafasiri, lakini kwa ndege mbuai wanaohama haina mgogoro wowote: huiacha vuli moja wakaifuata nyingine. Huondoka Siberia, Mongolia na kaskazini mwa China baridi inapoanza kubisha hodi, na kabla ya mwaka kwisha wamo katika anga ya Malawi, ambako mvua za kwanza zimekwisha kuwatoa kumbikumbi ardhini.

Makala haya yanafuatilia historia ya kuwatazama na kuwahesabu ndege hao, kwa kuliangalia zaidi eneo la Malawi ya kati: jiji la Lilongwe na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyopo wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 50 kutoka jijini. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu ya lugha. Dzaleka ni miongoni mwa mahali pachache nchini Malawi ambapo Kiswahili husemwa kila siku na maelfu ya watu, sokoni na katika nyumba za ibada, na ndege wanaozungumziwa hapa hupita juu ya vichwa vya wasemaji hao mwaka hadi mwaka. Hata hivyo, maandishi makuu juu ya ndege wa Malawi yameandikwa kwa Kiingereza. Swali linaloulizwa ni hili: ni nini kinachopotea katika hesabu pale ambapo mtazamaji na daftari hawasemi lugha moja?

Kozi na msimu wa kaskazi

Miongoni mwa ndege mbuai wanaofika Malawi kutoka mbali, anayestahili kutangulizwa ni kozi wa Amur, ambaye wanasayansi humwita Falco amurensis. Ni ndege mdogo, mwenye uzito wa gramu 150 hivi. Dume ana rangi ya kijivu cha moshi, miguu ya rangi ya chungwa, na weupe chini ya bawa unaoonekana kwa mbali anaporuka. Jike ana kifua cheupe chenye madoa na michirizi meusi. Huzaliana mashariki mwa Siberia, Mongolia, kaskazini mwa China na Korea. Katika kuhama hukusanyika kaskazini-mashariki mwa India, kisha huikata India yote na kuivuka bahari hadi Pembe ya Afrika, safari ya kilomita 3,000 na zaidi juu ya maji bila pa kutua. Kutoka Somalia hushuka kupitia Kenya na Tanzania. Malawi huwaona mwishoni mwa Novemba na katika Desemba, na wengi wao huendelea kusini hadi Afrika Kusini.

Wakati huo wa kuvuka una maana yake. Novemba ndio mwanzo wa kaskazi, upepo uleule uliowaleta mabaharia wa Arabuni na Bara Hindi katika bandari za Waswahili, na kurudi kwa kozi mnamo Aprili na Mei huangukia wakati kusi inapoanza kuvuma. Kama manahodha waliokaa bandarini wakingoja upepo utulie upande mmoja, kozi nao hukaa India wakila kumbikumbi hadi wapate mafuta ya kuwafikisha ng'ambo. Wanahistoria wa Bahari ya Hindi wameandika mengi juu ya abiria wa kaskazi: wafanyabiashara, watumwa, masharifu, mahujaji. Abiria hawa wa angani hawajapewa nafasi katika maandishi hayo, ingawa pengine ndio waliotangulia kuijua njia.

Pamoja na kozi wa Amur hufika wengine. Wapo kozi wadogo wenye mgongo wa rangi ya hudhurungi, ambao mara nyingi hulala naye mti mmoja. Wapo shakivale wa nyika kutoka Urusi. Wapo pia wahamiaji wa ndani ya Afrika, kama vile mwewe wa mdomo wa manjano na tai mdogo aliyepewa jina la Wahlberg, ambao hufika kusini mwa Afrika mnamo Agosti na Septemba ili kuzaliana, kisha huondoka mvua zikielekea ukingoni. Mtazamaji anayesimama Lilongwe mwezi Desemba basi hutazama mikondo kadhaa iliyopishana, yenye asili na sababu tofauti.

Hesabu ilianzia wapi

Kutazama ndege mbuai wakihama ni jambo la kale. Kitabu cha Ayubu, katika sura ya 39, kinamtaja ndege wa jamii hii anayenyoosha mabawa yake kuelekea kusini, na wafasiri wa Biblia walilazimika kumtafutia jina: Kiswahili kikampa mwewe, Kichewa kikampa kabawi. Kuhesabu ni jambo jipya zaidi, na chimbuko lake halina upole. Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wawindaji walikuwa na desturi ya kupanda mlima mmoja kila vuli na kuwafyatulia risasi ndege mbuai waliokuwa wakipita. Mwaka 1934 Rosalie Edge alipata udhibiti wa mlima huo, unaoitwa Hawk Mountain, akamweka Maurice Broun kuwa mlinzi. Broun alizuia bunduki kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akaandika namba za ndege waliopita.

Namba hizo zilikuja kuwa ushahidi ambao Broun mwenyewe asingeweza kuubashiri. Rachel Carson, katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, alizitumia kuonyesha kwamba kati ya tai wenye kichwa cheupe waliopita mlimani miaka ya 1935 hadi 1939, asilimia 40 walikuwa makinda wa mwaka. Kati ya 1955 na 1959 makinda walikuwa asilimia 20 tu. Hoja yake juu ya madhara ya DDT ilitegemea kwa sehemu tofauti hiyo. Ni vyema kuona kilichomwezesha Broun kuipata: jicho lililoweza kutenga tai mzima na tai kinda, na daftari lililokuwa na safu mbili badala ya moja.

Tangu hapo wahesabuji wamefuata milango ya dunia, yaani sehemu ambazo bahari au milima huwabana ndege wanaoelea kwa hewa ya joto. Mwaka 1987, kwenye mlango-bahari wa Bab el-Mandeb, wahesabuji waliokaa upande wa Djibouti waliandika zaidi ya ndege mbuai 240,000 katika vuli moja. Huko Batumi, Georgia, hesabu iliyoanzishwa mwaka 2008 huvuka milioni moja kwa msimu. Malawi haina mlango wa namna hiyo. Ziwa lina urefu wa kilomita 580 hivi na ndege wakubwa huepuka kukata maji mapana, lakini kozi hupiga mabawa na hawaogopi maji, tena wakifika hutawanyika juu ya uwanda wote wakifuata mawingu na wadudu. Kwa hiyo hesabu inayofaa hapa ni ile ya jioni, pale walipotawanyika mchana wanaporudi kulala pamoja katika miti mirefu, mara nyingi mikaratusi iliyopandwa na watu.

Daftari la Nyasaland

Maandishi ya kisayansi juu ya ndege wa nchi hii yalianza kukusanywa na watumishi wa serikali ya kikoloni. Charles Belcher, aliyekuwa mwanasheria, alichapisha The Birds of Nyasaland mwaka 1930. Baada yake alikuja C. W. Benson, aliyeingia utumishi wa Nyasaland mwaka 1932 na ambaye orodha yake ya ndege wa nchi ilitoka mwaka 1953. Benson ndiye aliyechapisha katika jarida la Ibis, mwaka 1951, taarifa fupi kuhusu mahali pa kulala pa kozi wa Amur. Maandishi ya Malawi huru yamejengwa juu ya kazi yake, hadi atlasi kubwa ya Françoise Dowsett-Lemaire na Robert Dowsett ya mwaka 2006.

Benson hakufanya kazi peke yake. Tangu miaka ya 1930 alifuatana na Jali Makawa, mzaliwa wa Nyasaland, ambaye alijua sauti za ndege, viota vyao na namna ya kuwapata. Mwanahistoria Nancy Jacobs, katika utafiti wake juu ya mitandao ya wapenda ndege barani Afrika, amemweka Makawa mahali panapomstahili, akionyesha jinsi ujuzi wa Waafrika ulivyokuwa nguzo ya sayansi ambayo majina yake yalitoka kwingine. Mwaka 1964, kaskazini-magharibi mwa Zambia, Makawa alipata ndege mdogo ambaye hajapatikana mwingine hadi leo, na Benson pamoja na mwenzake walimpa jina la kisayansi lenye ukoo wa Makawa: makawai. Heshima hiyo ni ya kweli na haifai kubezwa. Lakini inaonyesha pia njia iliyokuwa wazi kwa ujuzi wa Mwafrika: aliweza kuingia katika daftari akiwa jina la Kilatini, huku majina ambayo yeye mwenyewe aliwaitia ndege yakibaki nje ya safu za hesabu.

Wala isidhaniwe kwamba majina ya daftari yalikuwa imara. Gustav Radde alimweleza kozi wa Amur mwaka 1863 kama namna tu ya kozi mwingine, Falco vespertinus wa Ulaya ya mashariki, na kwa muda mrefu Kiingereza kilimwita kozi wa miguu myekundu wa mashariki. Maadamu wawili hao walihesabiwa kuwa ndege mmoja, namba za mmoja ziliweza kumezwa na za mwenziwe. Lugha ya sayansi nayo ilihitaji muda kutenganisha kilichokuwa kimefungwa pamoja. Jambo hili lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba Kiswahili ni maskini wa majina ya ndege.

Majina yanayokutana Dzaleka

Kiswahili kilifika Malawi zaidi ya mara moja. Katika karne ya 19 kilifuata misafara ya pembe na watumwa hadi Nkhotakota, kwenye himaya ya Jumbe Salim bin Abdallah, na hadi Karonga. Mara ya pili kilifika na wakimbizi. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la enzi ya Kamuzu Banda. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa kauli ya mfungwa anayeahidi kuacha, kutokana na kitenzi cha Kichewa kuleka. Iliyokusudiwa kuwa ya watu 10,000 hadi 12,000 imekuja kubeba zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ni mahali ambapo watu wenyewe huhesabiwa mara kwa mara, na kila mmoja anajua uzito wa jina lililoandikwa vibaya katika orodha.

Kwa mtafiti wa majina ya ndege, Dzaleka ni hazina. Aliyelelewa kwa Kinyarwanda anatofautisha kagoma, ambaye ni tai mwindaji, na inkongoro, ambaye ni mla mizoga, na sakabaka, ambaye ni mwewe. Jirani Mmalawi anayo chiwombankhanga kwa tai, jina linalomtaja ndege kwa kazi yake, yaani apigaye kanga. Anayo pia miimba kwa walao mizoga, kabawi kwa wadogo, na nkhwazi kwa yule mvuvi wa ziwani ambaye sura yake imo katika nembo ya taifa. Huyo wa mwisho ni ndugu wa wazi wa kwazi wa Kiswahili. Kumbikumbi wanaowavuta kozi, na ambao watu pia huwaokota na kuwakaanga, huitwa ngumbi upande wa pili. Lugha hizi zinafahamiana kuliko wasemaji wake wanavyodhani.

Tatizo huja watu hawa wanapokutana katika Kiswahili. Katika usemi wa kawaida, kagoma na inkongoro wote huwa tai. Kiombakanga na muimba, ambao Mchewa hawezi kuwachanganya, nao huwa tai. Neno tumbusi lipo kwa ajili ya walao mizoga, lakini wengi hawalitumii. Athari yake si ya kinadharia. Tumbusi wa mgongo mweupe amewekwa tangu mwaka 2015 katika daraja la ndege walio karibu kabisa kutoweka duniani, sababu mojawapo ikiwa ni sumu. Taarifa inayosema kwamba tai watano wameonekana mahali fulani haimwambii msomaji kama ameonyeshwa jambo la kawaida au jambo la kushangilia.

Upande wa ndege wadogo, mzigo wote huangukia neno mwewe. Kamusi zetu za lugha moja humweleza mwewe kwa uhusiano na tai, na kozi na kipanga kwa uhusiano na mwewe, hata msomaji akajikuta amerudi alikoanzia. Sifa inayodumu katika maelezo hayo ni wizi wa vifaranga. Ni sifa iliyozaliwa uani, machoni pa mfugaji wa kuku, na kwa mwewe wa mdomo wa manjano ni ya haki. Kwa kozi wa Amur ni kashfa. Katika Afrika chakula chake kikubwa ni wadudu: kumbikumbi, panzi, mende wa mashambani. Lakini akishaitwa mwewe amekwisha kuhukumiwa, na jiwe la manati halimwulizi anakula nini.

Uzoefu wa India unaonyesha jinsi jina linavyoweza kugeuza mambo. Mnamo Oktoba 2012, karibu na bwawa la Doyang katika jimbo la Nagaland, ilibainika kwamba wavuvi waliwatega kozi wa Amur kwa nyavu, na makadirio yalifika 120,000 hadi 140,000 kwa msimu huo mmoja. Mwaka uliofuata, baada ya wanavijiji, makanisa na serikali kukubaliana, utegaji ulikoma. Ndipo kozi watatu wakafungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti na kupewa majina: Naga, kwa heshima ya watu wa huko, Wokha, kwa heshima ya wilaya, na Pangti, kwa heshima ya kijiji kilichokuwa kimewatega wengi. Watu waliokuwa wakiwauza kwa mafungu walianza kuuliza Pangti amefika wapi. Aliyekuwa nyama isiyo na jina alikuwa amepewa jina la kwao.

Safu za daftari la Kiswahili

Uhitaji wa hesabu kutoka Malawi ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwezi Januari 2024 katika jarida la Nature Ecology & Evolution, uliolinganisha hesabu za barabarani za miongo kadhaa kwa aina 42 za ndege mbuai wa savana, uligundua kwamba asilimia 88 kati ya hizo zilikuwa zimepungua. Takwimu zake zilitoka Afrika Magharibi, Kamerun, Kenya na Botswana. Malawi haimo.

Namna ya kuhesabu jioni ni rahisi kuieleza, ngumu kuitekeleza. Watazamaji hujigawa pande nne za miti ya kulala saa moja na nusu hivi kabla ya giza. Kila mmoja huandika wanaoingia kutoka upande wake tu. Wakija mmoja mmoja huhesabiwa. Wakija kwa kundi, mtazamaji hukata kumi kwa jicho, kisha huweka kumi hiyo juu ya kundi lote kama mtu apimaye kitambaa kwa mkono. Namba za Lilongwe na za Dowa zingekuwa na maana zaidi zikichukuliwa jioni moja, kwa kuwa kozi anayelala hapa leo aweza kulala kule kesho. Hapo utaratibu wa Malawi wa kuwataka wakimbizi wakae kambini, uliotekelezwa kwa nguvu upya mwaka 2023, unaingia katika sayansi bila kualikwa: mkazi wa Dzaleka hawezi kutegemewa kuwa Lilongwe magharibi, na hivyo ni lazima pawe na watazamaji wawili waliofunzwa, kila mmoja kwake, wenye daftari lenye safu zilezile.

Safu hizo zaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kubuni hata neno moja la kigeni. Tai na tumbusi watengwe. Kwazi abaki na jina lake, ambalo Mmalawi atalitambua papo hapo. Shakivale apewe safu yake. Kozi agawanywe kwa alama zinazoonekana angani: kozi wa bawa jeupe kwa dume wa Amur, kozi wa mgongo wa hudhurungi kwa mwenzake mdogo, na majike, ambao hufanana kiasi cha kuwatatiza hata mabingwa, wawekwe pamoja kwa uwazi. Mwewe abakie kwa mwewe halisi, yule mwenye mkia uliochanga kama panda ya mti na mdomo wa manjano. Mapendekezo ya istilahi yaliyokwisha kutolewa na wanaleksikografia yafaa kupimwa kwa namna hiyo, chini ya miti, kabla ya kuingizwa kamusini. Fursa ipo, hasa baada ya serikali ya Malawi kutangaza mwaka 2023 nia ya kukiingiza Kiswahili katika shule zake. Mwalimu wa darasa la Lilongwe atahitaji maneno ya vitu ambavyo mwanafunzi anaviona dirishani.

Kila fomu ya kuhesabu ndege mbuai duniani huwa na mstari wa mwisho kwa ajili ya aliyeonekana lakini hakutambuliwa: alikuwa mbali mno, jua lilikuwa nyuma yake, giza liliwahi. Wahesabuji wa Batumi wanao, na wa Hawk Mountain wanao. Katika fomu ya Dzaleka mstari huo unahitaji maneno ambayo mkulima, mchuuzi na mwanafunzi watayaelewa kwa namna moja, na maneno yenyewe yamekwisha kuwapo katika vinywa vya watu: ndege wa namna ya mwewe.